KULISHA WENYE NJAA SI KUMALIZA NJAA: SOMO LA UNGONI

TAREHE 1 Novemba, 2023, Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alisimama mjini Songea mbele ya wajukuu na vitukuu wa mashujaa wa Vita vya Maji Maji, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Alikiri kwamba anaona aibu kwa yale ambayo askari wa Kaizari waliwatendea mababu wa watu wale. Wahenga walisema kawia ufike. Msamaha huo ulikawia miaka 117, lakini ulifika.

Dola ya Ujerumani, basi, imesema neno lake. Lakini Ungoni ya mwaka 1906 haikuwa na Mjerumani wa aina moja. Alikuwapo mwenye bunduki, na alikuwapo mwenye msalaba. Yule wa kwanza tumekwisha kumhukumu, na hukumu yake haina rufani. Huyu wa pili bado anatusumbua, na kila anapotajwa katika vyumba vya walimu au katika ofisi zetu, watu hugawanyika mara moja pande mbili. Upande mmoja husema mmisionari alikuwa beberu aliyevaa kanzu. Upande wa pili husema kwamba bila yeye tusingalikuwa na shule wala hospitali, na kwamba kumlaumu ni utovu wa shukrani.

Kauli zote mbili ni nyepesi, nazo hutuondolea taabu ya kufikiri. Nia ya makala haya ni kuitazama Ungoni kama mfano mmoja wa kweli wa kazi ya misheni katikati ya watu waliofikwa na shida, na kuuliza swali ambalo linatuhusu hata sisi tusiovaa kanzu: Anayekuja kuwasaidia watu wenye shida apimwe kwa kipimo gani?

BOMA NA MSALABA

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma lao la kijeshi Songea. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Julai, 1898, Padre Cassian Spiss wa shirika la Wabenediktini alianzisha misheni ya Peramiho. Mwaka 1899 ikafuata misheni ya Kigonsera. Mpangilio wa miaka hiyo unasema mengi. Boma lilitangulia, msalaba ukafuata, na mwananchi wa kawaida aliyeviona vyote viwili vikija na watu wa rangi moja na lugha moja hakuwa na sababu ya kuvitenganisha.

Wamisionari wenyewe hawakumsaidia kuvitenganisha. Padre Francis Leuthner wa Peramiho aliichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa Gama, mahali ambapo Wangoni waliwaheshimu wazee wao waliotangulia. Kwa padre, ile ilikuwa nyumba ya ushirikina. Kwa Mputa, ilikuwa ni kaburi la baba yake kutemewa mate. Mtu aliyekuja kuhubiri upendo alianza kwa kuwavunjia watu heshima ya wazazi wao, halafu akashangaa kwamba hawakumpenda.

Vita vilipoanza Umatumbi mwezi Julai, 1905, kwa wananchi kung'oa pamba ya kulazimishwa, havikuchukua muda mrefu kufika kusini yote. Tarehe 14 Agosti Cassian Spiss, ambaye wakati huo alikwisha kuwa Askofu, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi Septemba maji yalifika Ungoni; Peramiho ikachomwa moto, na Padre Leuthner akauawa. Ukweli huu hatuna haja ya kuuficha. Masista wale hawakushika bunduki wala kutoza kodi ya mtu. Walikufa kwa sababu walikuwa wamekuja chini ya kivuli cha bendera, na watu waliokuwa wakiichukia bendera hawakuweza kukiacha kivuli chake. Hiyo ni gharama ya kwanza ya kazi njema inayofanyika chini ya mamlaka dhalimu.

NJAA ILIYOPANGWA

Watoto wetu shuleni hufundishwa kwamba Maji Maji ilishindwa kwa sababu maji hayakuzuia risasi. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Risasi zilishinda mapigano. Njaa ndiyo iliyoshinda vita. Askari wa Kijerumani walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakateketeza mazao mashambani, na waliwazuia watu kulima upya. Njaa ile haikuwa ya ukame wala ya nzige. Ilipangwa na maofisa, kama vile ofisa apangavyo shughuli nyingine yoyote ya kazi yake.

Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera aliyaona hayo kwa macho yake. Alimwendea Kapteni Richter, mkuu wa majeshi ya Wajerumani huko Songea, akalalamika kwamba askari wanaangamiza chakula cha watu. Jibu alilolipata lilikuwa, kwa maana yake, kwamba watu hao wacha wafe njaa. Askari watajipatia chakula chao wenyewe. Na laiti ingewezekana, angewazuia hata wasipande chochote, maana hiyo ndiyo njia ya kuwafanya waichoke vita.

Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa katika vita hivyo. Mwanahistoria wetu Gwassa, aliyeitafiti vita hiyo kwa kina, alikadiria kuwa walikufa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni kubwa mno.

Tarehe 27 Februari, 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Zaidi ya mashujaa 60 walinyongwa katika mwaka huo, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama, na Nduna Songea Mbano ambaye mji ule unaitwa kwa jina lake. Kabla ya siku hiyo Padre Häfliger aliingia gerezani. Aliwafundisha dini waliohukumiwa kufa, na wengi miongoni mwao akawabatiza. Ndipo wakapelekwa kwenye kitanzi.

Natumaini msomaji atatulia kidogo mahali hapa, kwa maana tatizo lote la kazi ya misheni limo ndani ya gereza lile. Padre huyu hakuwa mtu mbaya. Alikwisha kumkabili kapteni mwenye bunduki akamwambia asilolipenda, jambo ambalo wengi wetu hatuthubutu kumfanyia hata mkuu wa idara asiye na bunduki. Hakuwakimbia wafungwa katika saa yao ya mwisho. Lakini alipokwisha kujibiwa na kapteni, alirudi kwenye kazi aliyoijua. Aliwatayarisha watu wafe vizuri. Misheni kama taasisi haikusimama kusema kwamba kitanzi kile hakikuwa na haki, wala kwamba Mjerumani hakuwa na haki ya kuwahukumu Wangoni katika nchi yao. Mmisionari alilia pamoja na wafungwa, lakini gereza lenyewe hakulihoji.

MWENYE NJAA HANA MIIKO

Baada ya vita misheni ilijengwa upya, na katika miaka iliyofuata watu wengi wa Ungoni waliingia katika mafundisho ya dini na katika shule. Wapo wanaotaja wingi huo kama ushahidi kwamba mioyo ya watu ilikuwa imeguswa. Wapo wanaoutaja kama ushahidi kwamba watu walinunuliwa kwa kibaba cha unga.

Kiswahili kina methali inayofaa hapa: mwenye njaa hana miiko. Mtu aliyefiwa na baba kwa kitanzi, na mtoto kwa njaa, ambaye nyumba yake ya mahoka imechomwa na maji ya ukombozi hayakumkinga, hayuko katika hali ya kupima dini mbili kama mtu apimaye nguo dukani. Kwa hiyo anayewahubiri wenye njaa ana wajibu mzito kuliko anayewahubiri walioshiba. Akitoa chakula, na akitoe bila sharti. Akitoa dawa, asimwulize mgonjwa jina lake la ubatizo. Msaada wenye sharti la imani unamdhulumu anayepokea, na unaidhulumu imani yenyewe, kwa sababu unaifanya kuwa bei ya bidhaa.

Hata hivyo tusiwafanye babu zetu kuwa vyungu vitupu vya kutiwa maji ya wageni. Walipoingia shuleni walikuwa na nia zao. Walikuwa wameona kwamba adui aliyewashinda alikuwa na kalamu pamoja na bunduki. Bunduki walikuwa wamenyang'anywa; kalamu ilikuwa bado inapatikana, na mahali pa kuipata palikuwa ni kwa padre. Wengi waliichukua kalamu na ubatizo kwa pamoja, wakavifanya vyote viwili kuwa mali yao. Wakristo wa Songea leo si watu waliokopeshwa dini. Imani yao ni yao, na anayewaambia vinginevyo anawatukana.

SIKU MMISIONARI ALIPOONDOKA

Kipimo cha haki cha kazi ya mgeni hakipatikani siku anapokuwapo. Kinapatikana siku anapoondoka. Kwa Ungoni siku hiyo ilifika mapema bila kutarajiwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliiteka nchi, wakawakamata wamisionari wa Kijerumani na hatimaye wakawaondoa. Makanisa yakabaki bila mapadre na shule bila wakuu wake.

Waliobaki ni makatekista na walimu wa vijijini, Waafrika waliokuwa wamesoma madarasa machache, wasio na mshahara wa maana. Hao ndio waliowakusanya watu na kuendelea kuwafundisha watoto kusoma. Mapadre waliporudi, wakiongozwa na Gallus Steiger, Mswisi ambaye mwaka 1931 alikuja kuwa Abati-Askofu wa kwanza wa Peramiho, hawakukuta jangwa. Walikuta watu ambao walikuwa wameibeba kazi ile wenyewe. Hapa misheni ilifaulu mtihani wake, na ilifaulu kwa mikono ya watu ambao majina yao ni nadra kuyakuta katika vitabu vya historia ya misheni.

Katika miaka iliyofuata Peramiho ilikua ikawa na hospitali, mtambo wa kupigia chapa vitabu, karakana na shule za ufundi. Mafundi seremala na waashi waliotoka huko walijenga nyumba kote kusini. Hospitali ya Mtakatifu Yosefu ya Peramiho hata leo inatibu wagonjwa wanaotoka wilaya nyingi. Mtumishi wa Serikali aliyewahi kuhamishiwa mkoani Ruvuma anajua maana ya kupata mgonjwa usiku na kuambiwa, "Mwahisheni Peramiho." Hayo ni mambo ya kushukuru, na shukrani haimpunguzii mtu uzalendo wake.

Lakini katika miaka ile ile Ungoni iligeuzwa kuwa shamba la manamba. Mwingereza alitoza kodi, na kwa kuwa hapakuwa na barabara wala soko la kupatia fedha ya kulipia kodi hiyo, vijana walisafiri kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Waliacha mashamba yao mikononi mwa mama na wake zao. Wengine walirudi wakiwa wagonjwa, wakatibiwa Peramiho, wakapona, na mwaka uliofuata wakaenda tena. Hospitali iliponya mwili wa manamba. Lakini ni nani aliyeuliza kwa nini mtu huyo awe manamba?

Jibu lilianza kutolewa na wakulima wenyewe. Mwaka 1936 uliundwa Ushirika wa Wangoni na Wamatengo, maarufu kwa jina la NGOMAT, ili wakulima wa tumbaku wauze mazao yao kwa pamoja. Ushirika ule haukukosa kasoro, na Serikali ya kikoloni ilikuwa na mkono wake ndani yake. Hata hivyo uligusa jambo ambalo dawa na uji haviwezi kuligusa: ulimpa mtu sababu ya kubaki nyumbani kwake.

MWAKA 1969

Ukitaka kuielewa vizuri habari ya Ungoni, utazame mwaka mmoja, yaani 1969. Katika mwaka huo mambo matatu yalitokea, nayo yote yanahusu swali la nani anamwachia nani.

La kwanza: Jimbo Katoliki la Songea liliundwa, na James Komba akawa Askofu wake wa kwanza. Tangu Padre Spiss alipofika Peramiho hadi mwana wa nchi alipokabidhiwa jimbo ilipita miaka 71. Hiyo ni zaidi ya umri wa wengi wetu. Mwalimu anayekaa na mwanafunzi miaka 71 bila kumpa cheti hana budi kujiuliza kama kweli alitaka afuzu.

La pili: Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ambayo iliziweka chini ya Serikali shule zilizokuwa za mashirika ya dini zikipata ruzuku ya umma. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Taifa lililotangaza Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 lisingaliweza kuacha nafasi ya mtoto darasani itegemee dini ya mzazi wake. Mwislamu wa Tunduru na Mkristo wa Mbinga walikuwa na haki moja mbele ya ubao mmoja.

La tatu ni letu sisi, na tulitaje bila kung'ata maneno. Mwezi Septemba, 1969, Kamati Kuu ya TANU iliuvunja Umoja wa Maendeleo ya Ruvuma. Umoja ule ulianzia Litowa mwaka 1960 kwa jitihada za Vijana wa TANU waliokwenda porini kulima kwa pamoja kabla neno ujamaa halijawa sera. Ulikua ukafikia vijiji 17. Walikuwa na shule yao wenyewe, na walimkaribisha Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, Mkristo aliyeishi nao kijijini akawa mshauri wao, si bwana wao. Mwalimu Nyerere aliuona kama mfano wa kile alichokihubiri. Lakini wapo viongozi waliouogopa, kwa sababu vijiji vile vilikuwa vimezoea kujiamulia. Umoja ukavunjwa, wageni wakaondoka, mali zake zikachukuliwa.

Wamisionari walikawia miaka 71 kuwaamini watu wa Songea. Chama, kilichozaliwa kwa ajili ya kuwaamini, kiliishiwa na imani hiyo katika miaka tisa. Hatuwezi kumnyooshea padre kidole kuhusu kosa hili kisha tukajifanya hatuoni vidole vitatu vinavyotuelekea sisi. Kosa la kumfanyia mtu jambo ambalo anaweza kulifanya mwenyewe halina kabila wala dini. Linafanywa na mwenye kanzu, na linafanywa na mwenye suti ya kaunda.

KANISA NA UASI DHIDI YA UMASKINI

Mwezi Oktoba, 1970, Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki na aliwahi kuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Pugu, aliwahutubia masista wa Maryknoll huko New York. Hakwenda kuwashukuru kwa zahanati zao. Aliwaambia kwa uwazi kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuupinga mfumo wa jamii na uchumi unaowafanya watu wawe maskini, halitakuwa na maana tena kwa mwanadamu, na dini yake itabaki kuwa kimbilio la waoga. Kwa maneno mengine, alilidai Kanisa kile ambacho gerezani Songea halikukitoa mwaka 1906: si machozi pamoja na mfungwa tu, bali swali kuhusu gereza.

Wapo wamisionari walioishi kwa namna hiyo. Daktari Leader Stirling alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 akiwa daktari wa misheni ya Kiingereza. Alifanya upasuaji Lulindi, Masasi, katika majengo ya miti na nyasi, huku akiwafundisha vijana wa Kiafrika uuguzi. Baadaye alifanya kazi Mnero na Kibosho. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Alichukua uraia wa nchi hii, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wetu wa Afya, wakati Taifa lilipokuwa likipeleka zahanati vijijini. Alipofariki dunia mwaka 2003 alikuwa Mtanzania. Huyu hakutibu wagonjwa tu. Aliingia mahali ambapo huamuliwa kama mwananchi atafikiwa na daktari au hatafikiwa.

NJAA ILIKWISHA VIPI?

Turudi Ungoni. Nchi iliyoachwa na Wajerumani ikiwa majivu ilikuja kuwa ghala la Taifa. Katika miaka ya 1980 Ruvuma ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Ni nani aliyefanya muujiza huo?

Si mmisionari peke yake, wala si Serikali peke yake. Mbolea iliyopelekwa kwa bei nafuu ilifanya kazi yake. Utaratibu wa kununua mahindi kwa bei moja nchini kote, ambao mkulima wa mbali hakuadhibiwa kwa umbali wake, ulifanya kazi yake, ingawa uliigharimu Serikali fedha nyingi na haukudumu. Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, ilifanya kazi yake. Na juu ya yote hayo ni jembe la mkulima, ambalo lilikuwapo siku zote likisubiri barabara, bei na heshima.

Na misheni? Mwaka 1938 lilianzishwa Chipole shirika la masista Waafrika, Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes. Mwaka 1957 ikaanzishwa Hanga nyumba ya watawa wanaume Waafrika. Masista wa Chipole, mabinti wa nchi hii, waliweka mtambo wa umeme katika maporomoko ya Tulila kwenye mto Ruvuma, na kuanzia mwaka 2015 waliliuzia umeme Shirika la Umeme, wakati mji wa Songea ulikuwa bado haujafikiwa na gridi ya Taifa, ambayo ilifika mwaka 2018. Hebu tuliwaze jambo hili. Karne moja na ushei baada ya kitanzi, wajukuu wa watu waliobatizwa gerezani ndio waliowasha taa za mji uleule. Kama kuna mahali ambapo kazi ya misheni Ungoni imezaa tunda lisiloweza kubishiwa, ni hapo. Na tunda hilo lilianza kuiva pale mgeni alipoanza kuachia.

MASWALI MATATU

Makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya mapadre, ambao wana maaskofu wa kuwaonya. Yameandikwa kwa ajili yetu, watumishi wa Serikali na walimu, kwa kuwa siku hizi sisi ndio wamisionari. Sisi ndio tunaofika kijijini na gari, na mradi, na fedha ya mfadhili, na bango kubwa barabarani lenye majina ya wote waliochangia isipokuwa jina la kijiji. Sisi ndio tunaowagawia watu mahindi ya msaada na kuwapiga picha wakipokea. Tunahubiri maendeleo kwa sauti ile ile ambayo zamani ilihubiri wokovu, na mara nyingine tunazichoma nyumba za mahoka za watu kwa kuwaita wajinga.

Kwa hiyo nashauri tujiulize maswali matatu kila tunapokwenda kwa watu wenye shida.

Swali la kwanza: Je, tumeuliza chanzo? Palipo na njaa, ugawaji wa chakula ni wajibu, na anayeuchelewesha ana hatia. Lakini ofisa anayegawa mahindi mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu, bila kuandika hata ukurasa mmoja kueleza kwa nini kata hiyo hupatwa na njaa wakati jirani zake wana akiba, hajatimiza wajibu wake. Na kama chanzo ni uamuzi wa wakubwa wake, basi ukurasa huo na uandikwe vilevile. Padre Häfliger alithubutu kwenda kwa kapteni. Sisi tuna katiba, tuna vikao, tuna Chama. Hatuna udhuru wa kunyamaza mapema kuliko yeye.

Swali la pili: Je, msaada wetu una sharti la siri? Tumekwisha kukataa kwamba unga utolewe kwa bei ya ubatizo. Basi tukatae vilevile kwamba utolewe kwa bei ya kura, au ya undugu, au ya kumpigia makofi mgeni wa heshima. Mwenye njaa hana miiko. Ndiyo maana mwenye chakula lazima awe nayo.

Swali la tatu: Je, tumepanga siku ya kuondoka? Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mradi usiokuwa na mtu wa kijijini anayejua kuukarabati mtambo, kuishika hesabu na kukataa ushauri mbaya, ni mradi utakaokufa siku gari letu linapogeuka. Mwalimu bora wa shule ya msingi hapimwi kwa namna darasa linavyonyamaza anapoingia. Anapimwa kwa namna linavyoendelea kusoma anapotoka.

Tangu mwaka 1992 Serikali na makanisa yana makubaliano ya kushirikiana katika elimu na afya, na hospitali kadhaa za mashirika ya dini zimekuwa hospitali teule za wilaya. Ushirikiano huo ni mzuri, nasi tusiuonee haya. Lakini na ufanywe na watu wanaokumbuka. Mahali pa mashujaa wa Songea palipo na makumbusho pana makaburi ya watu waliokufa wakiwa na majina mawili, la ukoo na la ubatizo. Wanafunzi wanaopelekwa pale wafundishwe kuyasoma majina yote mawili: waambiwe nani aliyewanyonga, nani aliyewalilia, na ni swali gani ambalo halikuulizwa.

Ujerumani iliomba msamaha kwa sababu ilitumia njaa kama silaha. Sisi hatutumii njaa kama silaha, na Mungu atuepushe. Lakini wajukuu wetu wasije wakalazimika kutusamehe kwa kosa jingine, la kuizoea njaa ya watu wengine, kuilisha kidogo kidogo, na kuiita kazi yetu kuwa imekwisha.